Mtoto Amenona

Kirumba, Mwanza
11 Februari 2024

Evelina mwanangu,

Marahaba, maana najua umeshanisalimia kabla hujafungua bahasha. Anayeandika ni Shamsia, fundi cherehani wa mlango wa pili. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asinipambe, nikisema mavi aandike mavi. Amecheka, lakini ameandika.

Simu uliiuza upate nauli, na mimi sikusikitika. Kwenye simu ungesema "wazima, wazima" halafu ingekata. Barua inapanda na Yakobo dereva juu ya magunia ya dagaa, inafika ikinuka, lakini inafika nzima.

Mimi niko. Mgongo unauma, nao nimeuzoea kama mpangaji asiyehama. Dagaa wapo kukiwa na giza, mwezi ukiwaka hakuna kitu. Lori linachukua wote. Zamani waliovunjika vichwa walikuwa wetu sisi waanikaji, tunakunja kwenye khanga tunakwenda kupika. Siku hizi mwenye lori anasema hata kichwa ni chakula cha kuku, kinasagwa hicho hicho. Basi tunafagia mpaka mchanga, tunampa.

Sasa la Ndalahwa. Mtoto amenona. Tangu umwachishe ziwa asubuhi ile ya Septemba na mchana wake ukapanda basi Buzuruga, alikonda, sikukuambia. Alinililia mpaka nikadhani nitamtupa ziwani. Sasa ametulia. Mashavu yamejaa, macho yamekuwa madogo kwa unono, miguu minene kama ya mtoto wa mwenye mabasi. Nywele zimelainika na zimepata wekundu. Shamsia anadai ni nywele za ukoo wake, za watu wa Pwani. Nimemwambia huyu ni Msukuma, akatafute wake.

Halii tena. Nikimkalisha kwenye mkeka asubuhi nikaenda kuanika, nikirudi namkuta pale pale, hajamsumbua mtu. Asubuhi anakunywa uji wa muhogo. Mchana ugali wa muhogo na supu ya mapanki, ile mifupa ya samaki wa kiwandani ambao minofu yao imeshapanda ndege. Mifupa naitafuna mimi, yeye nampa supu, maana nguvu yote ya samaki inashuka kwenye supu.

Mumeo Mashimba hajaleta neno kutoka Geita. Dhahabu haijamwona wala yeye hajaiona. Usimngoje.

Kula. Usilale na njaa ili utume hela, nitajua.

Mama yako,
Kashindye
(na dole gumba, ili ujue si maneno ya Shamsia)


Kisumu, Kenya
25 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika ikinuka kweli, nikaivuta pumzi kabla sijaisoma. Nilipofika pale ulipoandika kwamba mtoto amenona nililia, na dada Rose ninayelala naye chumba kimoja akadhani kuna msiba. Nilipomsomea akasema, "Sasa hicho ni kilio gani, si ucheke." Nikacheka.

Mama, sikuwahi kukueleza kazi yangu sawasawa. Niko kwenye kinu cha chakula cha kuku. Magunia ya dagaa yanashushwa, sisi wanawake tunachekecha mchanga, wanaume wanasaga na pumba za mahindi. Dagaa wa Kirumba nawatambua. Mchanga wao ni mweupe, una vipande vya konokono. Siku nyingine nachekecha nikijiambia huenda hawa niliwaanika mimi mwaka jana. Vumbi lake linaingia hata kwenye usingizi. Kuku wa huku wananenepa hasa, mayai yao yanakwenda mahotelini. Mimi nilikuwa nikiwatazama nawaonea wivu, kuku. Lakini sasa kama mwanangu naye amenona, basi na mimi nimepata.

Naomba kitu kimoja. Mpeleke Usagara akaonwe na mama mkwe wangu, Mama Dorotea, au umwite aje. Watu wa kwa Mashimba wanasema nimetupa mtoto nimekimbilia starehe. Akimwona alivyojaa mashavu atanyamaza.

Na umwambie Ndalahwa mama yake anakuja. Usimtajie siku.

Mwanao,
Evelina


Kirumba
17 Machi 2024

Evelina,

Salaam. Mimi ni Shamsia, na safari hii najiandikia mwenyewe. Mama yako hajui. Nimemwambia Yakobo hii ni barua ya kuulizia vitambaa, kwa hiyo usimjibu kitu mbele ya watu.

Ile barua ya kwanza niliandika kama alivyosema. Mimi sina mtoto, Evelina. Niliona mashavu nikaona ni mashavu.

Mama Dorotea alikuja Jumatano, ulivyotaka. Aliingia na ndizi, akamwinua mtoto amsifu, kisha akamrudisha kwenye mkeka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akambonyeza mguu kwa kidole. Kidole kilipotoka, shimo likabaki. Akasema, "Kashindye, huyu hajanona. Huyu amevimba." Halafu akasimama uani, wanawake wote wanachambua mboga wanasikia, akasema mtoto amebemendwa. Kwamba wewe huko Kisumu una mwanaume, na joto la dhambi yako limemwingia mtoto ambaye umri wake bado ni wa ziwa.

Mama yako alichukua ndizi akazirusha hadi barabarani. Akamwambia, "Kazioteshe kwa mwanao shimoni Geita." Dorotea akaondoka.

Lakini tangu siku hiyo mtoto hatoki ndani. Mama yako anaanika dagaa mlango umefungwa, mtoto yuko ndani gizani. Ngozi ya mapajani imeanza kubanduka kama rangi ya ukuta. Nimemwambia twende kliniki nimbebe mimi. Akasema, "Kliniki kuna foleni ya midomo. Wakimwona hivi wote watasema neno hilo, na jina watakalotaja ni la mwanangu." Nikambishia. Akanigeukia akaniambia nikashone.

Anakulinda wewe, Evelina, na mtoto ndiye anayelipa. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia. Andika haraka, umwamuru.

Shamsia


Kisumu
24 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Leo sina maneno ya kuzunguka. Nimesikia kwa watu wa lori kwamba Ndalahwa amevimba na kwamba humpeleki hospitali kwa sababu ya maneno ya Mama Dorotea. Mpeleke, mama. Wakitaja jina langu walitaje. Jina haliumwi.

Ukichelewa kwa ajili yangu sitakusamehe, na wala sitajisamehe.

Dada Shamsia, mistari inayofuata ni ya mama peke yake. Kisukuma hukijui, kwa hiyo msomee tu herufi kama zilivyo, polepole.

(Hapa pana mistari michache ya Kisukuma, imeandikwa kwa herufi kubwa.)

Mama, umeyasikia. Usimwambie mtu.

Evelina


Hospitali, Mwanza
7 Aprili 2024

Evelina mwanangu,

Kwanza hakuna watu wa lori. Yakobo hajawahi kumwona huyu mtoto. Ni Shamsia. Nimemwuliza akanyamaza, na sasa anaandika kwamba alinyamaza. Sikumgombeza. Amefunga Ramadhani, na bado anatembea juani kuniletea uji ambao yeye mwenyewe hauonji. Mtu wa namna hiyo unamgombeza vipi?

Tulikwenda asubuhi ya pili baada ya barua yako. Nilimfunika mtoto khanga mbili ili watu wasione miguu. Kumbe nimejisumbua bure. Nesi alizifunua zote mbili mbele ya watu, akamzungushia mkononi utepe wa kupimia, ukasimama penye nyekundu, rangi ya hatari. Akaniuliza, "Bibi, anakula nini?"

"Anakula vizuri."

"Nini?"

"Ugali na supu."

"Ugali wa nini?"

"Wa muhogo. Wa mahindi umekuwa wa wenye mishahara."

"Na supu?"

"Ya mapanki."

"Na mapanki yenyewe?"

"Nayala mimi."

Akaandika. Nikamwuliza, "Unaandika nini hapo, kwamba nimekula chakula cha mtoto?" Akasema, "Hapana bibi. Nimeandika supu." Halafu akanieleza kwamba kwenye supu mna harufu tu na chumvi, na nguvu inabaki kwenye nyama. Niliketi kwenye benchi. Mwanangu, nimekuwa nikimpa mtoto harufu.

Wanampa maziwa yao ya unga, kidogo kidogo kama kifaranga. Nilidhani wanamnyima. Kumbe akipewa mengi kwa mkupuo yanamwua. Uvimbe umeshaanza kutoka, na sasa ndiyo namwona mtoto mwenyewe aliyekuwa ndani. Hakuna kitu, Evelina. Mbavu na macho. Mashavu niliyokuandikia yalikuwa maji.

Sasa yale maneno ya Kisukuma. Shamsia aliyasoma kama mtu anayetafuna kokoto, lakini niliyasikia yote. Una mimba. Mwanaume ni mpakiaji wa magunia, amekwenda Nakuru na hajarudi. Na unasema basi Dorotea amesema kweli, wewe ndiye uliyembemenda mwanao. Uliogopa Shamsia asijue. Amejua, maana ndiye anayeandika haya. Aliweka kalamu chini kidogo, ameishika tena.

Mimba ni mimba, itatoka kwa njia ile ile. Mume hujamwona tangu mtoto akiwa tumboni. Kama mtu anataka kukuhukumu aanze kwanza Geita. Lakini hilo la pili nakukatalia. Wewe hujamgusa mtoto huyu tangu Septemba. Huyo mpakiaji umemjua Desemba. Joto lenu limevukaje mpaka wa Sirari? Lilipigwa mhuri? Au umembemenda mwanao kwa barua?

Acha ujinga. Omba ruhusa kazini uje. Hapa tunalala wawili wawili kitanda kimoja, mimi na yeye na mama mwingine na wake, na mimi si kijana. Mwanao anahitaji mtu wa kumbeba ambaye mgongo wake haujaisha.

Mama yako,
Kashindye


Kisumu
14 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Dada Shamsia, pole kwa mfungo uliopita, na asante kwa uji. Sifichi tena.

Mama, umenichekesha na huo mhuri wa Sirari, kisha nikakaa nikafikiri. Umesema hajavimba kwa ajili yangu kwa sababu sijamgusa. Ni kweli. Na ndiyo maana yu hai. Nikija nitamgusa, mama. Nina mimba ya mtu mwingine tumboni, na mtoto wa ndoa yuko kati ya kufa na kupona. Wewe mwenyewe ulinifundisha tangu nikiwa msichana kwamba mwanamke wa hivyo hambebi mtoto mpaka atengenezwe kwa dawa. Sikukusikia ukisema ni uongo. Umesema tu kwamba mimi niko mbali.

Basi niache niwe mbali.

Nilimweleza Rose. Hakushangaa. Mtoto wake wa kwanza alikauka, yeye hakuvimba, alikauka tu mpaka akawa kama mzee. Huku kwao neno lao ni chira. Mama mkwe wake alisema ni kwa sababu Rose alipanda mahindi shambani kabla ya yeye mkubwa kupanda, amevunja mwiko. Rose ananiambia alipanda mapema kwa sababu ghala lilikuwa tupu. Mtoto alikufa wakiwa bado wanatafuta mzee wa kuwatengeneza. Anasimulia huku anachekecha, hasimami.

Nimetuma kidogo nilichonacho kwa Yakobo. Mnunulie mayai. Umwambie, la, usimwambie kitu. Atazoea.

Nisamehe.

Evelina


Hospitali, Mwanza
19 Aprili 2024

Evelina,

Shamsia amesoma barua yako kwa sauti, halafu akaisoma tena kimya. Nikamwuliza kuna nini zaidi. Akasema hakuna, alikuwa anatafuta mahali ulipobadilisha mawazo.

Sikiliza. Mimi shule sikuiona hata mlango wake, sitakudanganya kwamba najua. Neno hilo nililikuta duniani nikakupa na wewe, kama nilivyokupa jina la ukoo. Labda lina ukweli, labda halina. Ninachoweza kukuambia ni kile nilichokiona hapa nikiwa macho.

Mama ninayelala naye kitanda kimoja anatoka Magu. Mumewe alikufa kabla mtoto hajatambaa. Kazi yake ni kuponda kokoto na kuimba kwaya, mwanaume hamtazami hata wa kwenye kalenda. Mtoto wake amevimba kuliko wetu. Amebemendwa na nani, na marehemu? Kitanda cha dirishani kuna mke na mume wanaopendana mpaka wanatukera, wanalishana chungwa. Mtoto wao amekauka, mifupa mitupu. Nimewauliza wote wanakula nini, mmoja mmoja, bila haya, unanijua. Muhogo. Muhogo na mlenda. Ugali na chumvi. Huyu supu, yule rangi ya chai. Wodi nzima hakuna aliyeniambia maharage.

Kwa Rose kosa ni jembe, kwetu kosa ni kitanda. Mipaka yote hii, na kila upande pana neno la kumkamatia mama. Sufuria haijawahi kushtakiwa na mtu.

Sasa habari ya mwanao. Maziwa ameyakataa. Wamempitisha bomba puani, ameliacha tu, hata kulivuta havuti. Amegeukia ukuta. Nesi anasema wengine dawa inawaingia lakini wao wenyewe hawarudi. Nilimwuliza wanarudishwa na nini. Akaniuliza, "Mama yake yuko wapi?"

Nimechoka, Evelina. Nimekaa hapa nikiimba nyimbo zote ninazojua na nyingine za kunywea pombe. Ananitazama kama naimbia mtoto wa jirani.

Kama unaogopa mikono yako, ifunge mgongoni, uje usimame mlangoni tu, akuone. Na kama kweli yupo mtoto anayekufa kwa kuguswa na mama yake, basi na afe akiwa ameguswa. Hiyo dhambi nibebeshe mimi. Pale soko la samaki la Mwaloni nimebeba mizigo ambayo wanaume waliiacha chini.

Sikuombi. Yakobo anageuza lori Jumatatu. Kuna nafasi kwenye kiti cha mbele, nimeshamwambia.

Kashindye


Kisumu
19 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Nilifika salama. Nafasi yangu kwenye kinu nilikuta bado ipo, Rose alikuwa akichekecha sehemu yake na yangu ili msimamizi asiandike jina la mtu mwingine. Mikono yake imechubuka. Hakuniambia, niliiona.

Naandika kwa sababu kuna jambo sikuweza kukuambia nikiwa hapo.

Siku ya kwanza na ya pili nilisimama mlangoni kama ulivyosema. Ulinipitia na ndoo bila kuniambia kitu, na mimi nikakushukuru kwa hilo. Alinitazama, mama. Hakuonyesha kunijua. Nilijiambia vizuri, ni afadhali hivyo.

Mchana wa siku ya tatu ulikwenda kupokea chakula getini kwa Shamsia. Mama wa Magu alikuwa bafuni anafua. Ndalahwa akajigeuza. Nilikuwa sijamwona akijigeuza mwenyewe. Akajigeuza tena upande wangu, na bomba likamvuta, akateleza ukingoni mwa kitanda. Sikufikiri. Nilimdaka kabla sijakumbuka kwamba simshiki.

Nilipokumbuka alikuwa ameshafika kifuani.

Nikakaa naye kitandani nikisubiri afe. Nakuambia kweli. Sikuweza kumrudisha chini, na sikuweza kumkumbatia vizuri, nikamshika tu kama mtu ameshika yai la mwenzake. Namtazama puani. Namtazama midomo. Mzito hata kidogo hakuwa, mama. Gunia tupu lina uzito kuliko yeye. Nikasema moyoni, sasa, sasa hivi, na hukumu ni yangu.

Akanikojolea.

Mkojo mwingi, wa moto, mpaka ukapita kwenye khanga ukanifika mapajani. Halafu akashusha pumzi, akaweka kichwa hapa kwenye mfupa wa bega, pale alipokuwa akilala zamani. Nikalia bila sauti. Ulipoingia ukakuta nimelowa, nikakuambia nimemwaga maji ya kunywa, na wewe ukanigombeza mbele ya wodi nzima kwamba hata kikombe sijui kushika. Sikutaka mtu ajue nilichokuwa nangojea.

Baada ya hapo unajua mwenyewe, sikumweka chini tena mpaka waliponiambia nimlaze bomba litolewe, na siku nilipoondoka alikuwa anadai maziwa kwa kupiga kikombe ukutani.

Juzi msimamizi alinikuta natia dagaa mdomoni katikati ya kuchekecha. Akasema, "Wewe Mtanzania, umekuwa kuku?" Wenzangu wakacheka. Nikameza, nikachukua wengine. Nina watu wawili wa kulisha kwa mdomo huu mmoja.

Bado naogopa, mama. Nikiamka nadhani ile saa bado haijapita, kwamba hukumu imechelewa tu njiani. Niambie yuko vipi. Usinifiche safari hii, hata kama ni baya.

Mwanao,
Evelina


Kirumba, Mwanza
2 Juni 2024

Evelina mwanangu,

Marahaba. Yuko hai, nianzie hapo ili upumue.

Yuko hai na ni mkorofi. Tumetoka hospitali. Ameanza kutembea akishika ukuta, na anapofika mwisho wa ukuta anatukana, sijui nani kamfundisha. Shamsia anasema ni mimi, na ameandika hivyo bila ruhusa yangu. Uji wake sasa nautia dagaa niliowatwanga mpaka unga. Mwenye lori alipokuja kuzoa waliovunjika vichwa nikamwambia hao wameshaliwa. Akauliza na nani. Nikamwonyesha. Akanuna, akasema atatafuta waanikaji wengine. Atawapata, mwanangu, wapo wengi kuliko dagaa. Mvua za Mei nazo ziliozesha nusu ya mali mchangani. Nimechoka mpaka kwenye kucha, sitakuficha, umesema nisifiche. Kuna siku nampa yeye nakunywa maji mimi. Lakini hakuna siku nimempa supu tupu.

Sasa la mkojo. Nilijua.

Nimezaa saba, nimezika watatu, halafu wewe unaniambia maji ya kunywa? Wodi nzima ilijua, hata yule mume anayelisha mkewe machungwa. Nilikugombeza kwa makusudi. Dorotea alikuwa nyuma yangu mlangoni. Alikuja na ndizi nyingine, hakuniambia anakuja, na macho yako yalikuwa mekundu kama pilipili. Nikaona afadhali akukute unagombezwa kwa uzembe kuliko akuulize unalia nini. Na uliona alichofanya? Alinishika mkono akasema, "Mwache mwenzio, ni maji tu." Dorotea huyo huyo.

Tumbo aliliona. Si kipofu. Alimtazama mtoto kwenye paja lako, akalitazama tumbo, akaketi akaanza kumenya ndizi. Mpaka leo hajasema kitu. Amekuja hapa Kirumba mara nyingine, anamlisha mwenyewe, anamwambia "kula, wewe uliyetukosanisha." Sijui ameamini nini moyoni mwake, na sijamwuliza. Akinyamaza nami nanyamaza. Kwa watu wa umri wetu hiyo ni kuombana radhi.

Unasema hukumu imechelewa njiani. Mwanangu, ulimshika mchana ule akiwa na bomba puani, na leo amening'ata kidole kwa sababu nilichelewesha kijiko. Kama kulikuwa na hukumu, ndiyo hiyo.

Kinu kikikuchosha na tumbo likawa zito, usingoje wakufukuze. Jifungulie hapa. Tutabanana. Atakayezaliwa namtaka, simwulizi baba yake ni nani, naye atakula dagaa wa kusagwa kabla kuku wa Kisumu hawajapata hata mkia.

Ila jambo moja ulijue mapema usije ukaumia. Watoto ni wasahaulifu. Ukifika atakuwa amekusahau tena, atakukimbia ajifiche kwenye khanga yangu, atakupigia kelele kama mwizi. Usisimame pembeni kungoja akujue. Ingia umbebe. Akipiga kelele, mbebe na kelele zake.

Mama yako,
Kashindye